Kurekebisha Ugumu wa Shokapu za Gari: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari

Siku nilipofunga shokapu za kurekebishika kwenye Prado yangu ya miaka ya tisini, muuzaji aliniambia neno moja tu: "Weka namba tisa, gari litulie." Zilikuwa na namba 1 hadi 9, tisa ikiwa ngumu kuliko zote. Nikaweka tisa mbele, tisa nyuma. Pale mjini Arusha nilijisikia naendesha gari jipya. Wiki mbili baadaye tukapanda Ngorongoro, tukateremka kuelekea lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, kwenye barabara iliyojikunja kama bati la paa. Kabla hatujafika langoni kishikio cha betri kilikuwa kimekatika, taa moja ya mbele inaning'inia, na mke wangu ameshika shingo kwa maumivu. Gari halikutulia hata kidogo. Lilikuwa likirukaruka juu ya vilele vya yale makunyanzi, na kila nilipogusa breki mkia ulitaka kwenda pembeni.

Tangu safari ile nimerekebisha shokapu za magari yangu, ya ndugu na ya majirani mara nyingi, na jambo ninaloomba ulishike kabla hujashika spana ni hili: shokapu iliyokazwa si shokapu imara. Ugumu unaofaa ni ule mdogo kabisa unaotosha kuizuia springi isiendelee kucheza. Ukiupata, unaishia hapo.

Kwanza, shokapu inafanya nini

Springi ndiyo inayobeba gari. Ukizitoa shokapu zote nne, gari litabaki limesimama karibu kwa kimo kilekile. Lakini ukilisukuma chini litacheza juu na chini kama mtoto kwenye godoro, kwa sababu springi inajua kupokea nguvu na kuirudisha, haijui kuila. Kuila ni kazi ya shokapu. Ndani yake mna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye vitundu na vali, na ule mchezo wa springi unageuka kuwa joto. Ndiyo maana baada ya kilomita thelathini za barabara ya bati, bomba la shokapu halishikiki kwa mkono mtupu. Usijaribu, utaungua.

Shokapu inafanya kazi pande mbili. Tairi likipanda jiwe, shokapu inabonyea. Springi inapolisukuma tairi kurudi chini, shokapu inarefuka. Kwa kawaida watengenezaji huweka upinzani mkubwa zaidi upande wa kurefuka, kwa sababu huko ndiko nguvu iliyojilimbikiza kwenye springi inakotaka kutoka kwa fujo. Shokapu za KONI za njano, kwa mfano, hubadilisha upande wa kurefuka tu. Nyingine zenye kizungushio kimoja (kile kitufe unachozungusha kubadilisha ugumu) hubadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Za bei ya juu, kama Old Man Emu BP-51, zina vizungushio viwili, kila kimoja na upande wake.

Sasa utaelewa kilichonipata njia ya Naabi. Kwenye barabara ya bati tairi linakutana na kilele kimoja baada ya kingine kwa haraka sana. Linapanda, springi inabonyea, halafu lazima lishuke bondeni kabla ya kilele kinachofuata. Shokapu iliyokazwa mno kwenye kurefuka hairuhusu. Tairi linabaki juu, kilele cha pili kinalipandisha tena, na springi inazidi kubonyea bila kupata nafasi ya kurudi. Baada ya mita mia kadhaa gari limezama kwenye springi zake, linagonga zile raba za kuzuia, na tairi linagusa vilele tu. Tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala halifuati usukani. Dereva anaona gari gumu, anadhani limetulia, kumbe linaelea.

Hatua ya 1: Jua shokapu zako ni za namna gani

Angalia kizungushio kilipo. Kwenye magari madogo yenye shokapu na springi pamoja, mara nyingi kipo juu kabisa, kwenye ncha ya fimbo. Unafungua boneti unakiona, na cha nyuma utakikuta chini ya kapeti ya buti. Kwenye magari ya juu kama Prado, Hilux na Land Cruiser mara nyingi kipo chini, kwenye mwili wa shokapu karibu na tairi. Zipo zisizo na kizungushio kabisa, na hizo lazima zitolewe kwenye gari kwanza. Nitazieleza mbele. Na zipo zinazorekebishwa kwa umeme kutoka ndani ya gari. TEIN wana mfumo wao uitwao EDFC unaozungusha kwa mota ndogo.

Soma karatasi iliyokuja na shokapu. Ikiwa imepotea, tafuta namba iliyochapwa kwenye bomba uitumie kupata maelezo ya mtengenezaji. Kitu cha kutafuta ni kimoja: anahesabu kutoka upande upi? TEIN huhesabu kutoka mwisho mgumu. Unakaza kwa kufuata mshale wa saa hadi mwisho, hapo ndipo sifuri, kisha unahesabu kliki (ule mgoto mdogo unaousikia kizungushio kikisogea nafasi moja) ukirudi nyuma. Wengine sifuri yao ni mwisho laini. Watu wawili wanaweza kusema "nimeweka nane" na magari yao yasifanane hata kidogo.

Hatua ya 2: Kagua gari kabla ya kugusa kizungushio

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo pesa inapopotea. Kizungushio hakiponyi bushi (raba ya kwenye maungio) iliyokufa.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Inua kwa jeki kisha uweke stendi. Gari lililo juu ya jeki peke yake usiingie chini yake hata kwa sekunde moja, hata kama fundi wako anaingia kila siku.

Tazama bomba la shokapu. Utando mwembamba wa oili uliokamata vumbi karibu na sili si tatizo kubwa, lakini oili inayotiririka ni mwisho wa shokapu hiyo. Shika tairi juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia, uone kama boljointi au ncha za usukani zina uchezaji. Angalia bushi za mikono (vyuma vinavyounganisha tairi na gari), linki za stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona), na raba ya juu inayoshika fimbo ya shokapu. Ukisikia "gongo, gongo" kwenye mashimo madogo, tisa kati ya kumi mimi nakuta ni linki au bushi.

Jambo moja la kumwambia fundi wako: boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Akizikaza gari likiwa limening'inia, ile raba inabaki imejipinda siku zote, inaongeza ugumu usiotoka kwenye shokapu, na haikawii kupasuka. Utazungusha kliki hadi uchoke ukitafuta ulaini uliobanwa kwenye bushi.

Hatua ya 3: Upepo wa matairi

Pima matairi yakiwa ya baridi, asubuhi kabla ya safari, ujaze kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Tairi ni springi nayo. Tofauti ya psi 4 au 5 unaisikia kwenye kiti kuliko kliki mbili za shokapu. Ukibadilisha vyote kwa siku moja hutajua kipi kilifanya nini.

Hatua ya 4: Tafuta sifuri, uandike

Safisha eneo la kizungushio kwa brashi laini na kitambaa. Hata kama mtengenezaji wako huhesabu kutoka mwisho mgumu, hapa sifuri yetu ni mwisho laini. Zungusha taratibu kuelekea huko ukihesabu kila kliki, na uandike ulikozikuta. Fanya hivyo kwenye shokapu zote nne. Usishangae ukikuta kushoto ni tano na kulia ni saba; nimekuta hivyo kwenye gari lililotoka gereji siku hiyohiyo.

Ukifika mwisho, uwe laini au mgumu, acha. Ndani mna sindano nyembamba inayoziba kitundu cha oili, na ukiikaza kwa nguvu unaharibu kiti chake, kisha kile kizungushio kitakuwa pambo. Vidole vinatosha, au ule ufunguo mdogo uliokuja na shokapu. Koleo hapana. Kikiwa kimekwama kwa vumbi au kutu, pulizia mafuta ya kulegeza, ngoja nusu saa, ujaribu tena kwa upole. Nawe unayeishi pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi itakukwamishia vizungushio visipoguswa miezi mingi. Vizungushe mwanzo hadi mwisho walau mara moja kwa mwezi, kisha virudishe kwenye namba zako.

Hatua ya 5: Chagua njia ya kujaribia

Usijaribu kwa kusukuma boneti kwa mikono. Mikono haina kasi ya kuifungua vali; itakuonyesha shokapu iliyokufa kabisa, haitakuonyesha tofauti ya namba nne na tano.

Tafuta kipande cha kilomita tatu hadi tano unachokifahamu: kiwe na tuta moja (bampu, kama wasemavyo Nairobi), kona moja ya wastani, rasta (ile mistari iliyoinuka kukatiza barabara) au kipande chenye mabaka, na sehemu iliyonyooka ya kufunga breki. Kuwe na watu wachache na magari machache. Pita kwa mwendo uleule, mzigo uleule, tangi likiwa na mafuta karibu yaleyale. Kwanza endesha dakika kumi, oili ya shokapu ipate joto, ndipo uanze kuhukumu.

Mzunguko wa kwanza weka laini kabisa zote nne. Wa pili weka katikati. Wa tatu karibu na mwisho mgumu, kwa mwendo wa pole. Hii ni kwa ajili ya mwili wako kujifunza. Ukishausikia mwisho wa huku na wa kule, kila kliki ya kati inakuwa na maana.

Hatua ya 6: Panda kutoka laini

Rudi mwisho laini. Ongeza kliki mbili mbele na mbili nyuma (kwa zenye namba 9, namba moja inatosha), pita njia yako, andika. Kushoto na kulia kwa ekseli moja ziwe sawa daima. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana.

Anza na tuta. Baada ya kulipita, mwili wa gari upande mara moja, ushuke, utulie. Mwili ukiendelea kunyanyuka mara ya pili na ya tatu, shokapu bado ni laini. Ongeza. Mara tu ule mchezo wa ziada unapokatika, umefika mahali pazuri, au kliki moja tu mbele yake.

Nenda kwenye rasta. Ukisikia kila mstari unaingia kwenye kiti, dashibodi inalia, usukani unatetemeka mikononi, umepita. Rudi kliki moja. Kwa zenye vizungushio viwili, kile kishindo kikali cha kwanza kinatokana na kubonyea, kwa hiyo legeza cha kubonyea. Ile hali ya gari kuzidi kuzama na kuwa gumu kadiri bati linavyoendelea inatokana na kurefuka. Mwendo wa mawimbi, gari kuelea kama mtumbwi baada ya bonde la lami, nao ni kurefuka, ila safari hii ni laini mno.

Kona zinahitaji uangalifu. Shokapu hupunguza kasi ya gari kulala. Pembe ya mwisho ya kulala inaamuliwa na springi na stabilaiza. Kwa hiyo ukiona gari linalala sana kwenye mzunguko mrefu wa barabarani, kliki hazitakusaidia. Zinasaidia pale unapoingia na pale unapotoka. Pua ikikataa kuingia kona, legeza mbele kidogo au kaza nyuma kidogo. Mkia ukitaka kutoroka, fanya kinyume chake, na ulifanye mapema, maana mkia unaotoroka kwenye vumbi au lami yenye mvua ndio unaopindua magari. Badilisha ekseli moja tu kwa wakati mmoja.

Mwisho jaribu breki kwenye njia iliyonyooka yenye mabaka. Pua ikizama ghafla, kliki moja mbele. Lakini ukihisi ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga unapofunga breki) inaanza mapema kuliko ilivyokuwa, matairi yanaruka. Legeza.

Hatua ya 7: Mzigo na safari

Gari tupu la mjini na gari lenye hema juu, friji, tangi la pili na watu watano ni magari mawili tofauti. Uzito ukiongezeka, mchezo unakuwa mpole lakini mrefu, na namba iliyokuwa nzuri jana leo itaacha mkia ukielea. Ongeza nyuma kabla ya kuondoka, na usisahau kurudisha ukishapakua. Hilux tupu iliyoachwa kwenye namba za mzigo inaruka matako kwenye kila shimo.

Ikiwa nyuma imekaa chini kwa mzigo, kliki hazitainyanyua. Hiyo ni kazi ya springi. Na ukifunga springi nzito zaidi, anza upya kutoka Hatua ya 4, kwa sababu springi ngumu inasukuma kwa nguvu zaidi na inahitaji shokapu ya kuizuia.

Daftari langu la Prado linasomeka hivi, lichukue kama mfano na si kama agizo. Mjini, watu wawili: mbele 3, nyuma 3. Lami ya safari, watu wanne na mizigo: mbele 4, nyuma 5. Barabara ya bati, mzigo uleule: mbele 3, nyuma 4, na matairi nashusha kutoka psi 32 hadi 26. Matairi yaliyoshushwa nayaendesha kwa mwendo mdogo, na nayajaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Hizo namba 3 na 4 zimenipitisha Naabi mara kadhaa tangu ile safari ya kwanza, na kishikio cha betri bado ni kilekile nilichochomelea mwaka ule.

Kila saa moja ya bati simama dakika kumi na tano. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, na ikichanganyika na hewa au gesi inatoa povu. Shokapu inalegea yenyewe hata kama namba ni ileile. Ukiona gari limeanza kuelea baada ya mwendo mrefu, usikaze. Pumzika.

Kwa shokapu zisizo na kizungushio

KONI Heavy Track na KONI nyekundu za zamani hurekebishwa zikiwa nje ya gari. Kwa zilizo ndani ya springi, kuitoa springi kunahitaji kifaa chake cha kuibana, na springi iliyochomoka inaua. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kifaa. Zilizosimama peke yake ukizitoa mwenyewe, ifunge shokapu wima kwenye vaisi kwa jicho lake la chini, toa kifuniko cha vumbi na raba. Ibonyeze fimbo hadi chini kabisa huku ukiizungusha polepole kinyume cha mshale wa saa, mpaka uhisi meno yameingia kwenye nafasi zake chini. Endelea kuzungusha upande huohuo kwa upole hadi igome, ukihesabu nusu mizunguko. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia ilikuwa imewekwa wapi. Hapo ilipogoma ndipo laini kabisa.

Sasa, ukiwa bado umeibonyeza, zungusha kwa kufuata mshale wa saa. Mpaka mwisho ni mizunguko miwili hivi. Mimi huanza na nusu mzunguko. Kisha ivute fimbo juu wima, bila kuizungusha, walau sentimita moja, ili meno yaachie. Ukisahau hilo na kuizungusha unapofunga, umebadilisha tena bila kujua. Rudia hivyohivyo kwa ya upande wa pili.

Mambo ya kukataa

Kuna mafundi wanaotoboa shokapu, kujaza oili na kuziba kwa kuchomelea. Nyingi za hizi zina gesi ya naitrojeni ndani kwa shinikizo, kwa hiyo kuzitoboa au kuzipasha moto ni hatari ya maisha, achilia mbali kwamba mfumo wa kurekebisha unakufa hapohapo. Zipo zinazofunguliwa na kukarabatiwa, lakini kwa vipuri na vifaa vya mtengenezaji.

Usielekeze mashine ya maji yenye nguvu moja kwa moja kwenye sili ya fimbo au kwenye kizungushio. Inasukuma tope ndani. Ndoo na brashi.

Na shokapu mpya ziendeshe kama kilomita 500 kabla ya kuamini namba zako. Sili na bushi hukaa sawa polepole, na mara nyingi huwa naishia kuongeza kliki moja nyuma baada ya hapo.